John Gibbon na Mashine Iliyoupumzisha Moyo

Wanafunzi wetu hukariri mzunguko wa damu ili wafaulu mtihani, lakini ni wachache wanaomjua daktari aliyeupitisha mzunguko huo nje ya mwili. Katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet, ambako hospitali ya Tenwek huwapasua moyo vijana walioharibikiwa vali, naona maisha ya John Gibbon yanastahili kufundishwa darasani.

Gibbon alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1903, katika ukoo wa madaktari. Akiwa daktari kijana mjini Boston, alikesha kando ya mama mmoja ambaye damu iliyoganda ilikuwa imeziba mshipa uendao mapafuni. Mama huyo alifariki. Katika mkesha ule Gibbon akawaza: kama damu ingetolewa, ikatiwa oksijeni nje, kisha ikarudishwa mwilini, je, madaktari wasingepata wasaa wa kuuondoa mzibo ule?

Wengi hawakumtia moyo. Yeye na mkewe Mary, aliyekuwa msaidizi wake katika maabara, walifanya majaribio kwa paka. Mwaka 1935 mashine yao ikaweza kumweka paka hai huku moyo na mapafu yake yakiwa yametengwa. Vita Vikuu vya Pili vilimkatiza. Baada ya vita, kampuni ya IBM ikampa wahandisi. Tarehe 6 Mei 1953 aliziba tundu ndani ya moyo wa msichana wa miaka 18, mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu kwa dakika 26. Msichana akapona.

Wengi hupenda kuikomesha hadithi hapo. Mimi sitaki. Mwezi Julai wa mwaka huohuo watoto wawili walimfia, naye akaacha upasuaji wa moyo. Wengine, hasa John Kirklin wa Mayo Clinic, waliiboresha mashine ile. Gibbon alifariki mwaka 1973 kwa mshtuko wa moyo, akiwa anacheza tenisi.

Wazo lake, hata hivyo, halikufa. Mwaka 1969, mjini Houston, Denton Cooley alimpa mgonjwa moyo wa bandia uliomshikilia kwa muda wa saa 64, mpaka moyo wa binadamu ukapatikana. Leo pampu zinazopachikwa kifuani huwashikilia wagonjwa miezi, hata miaka, wakisubiri kupandikizwa moyo mwingine. Pampu hizo hazitibu. Zinanunua muda tu.

Nasi tunao muda wetu, tena wa bei nafuu. Vijana wetu wengi huharibikiwa vali kwa sababu ya homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na maumivu ya koo yaletwayo na bakteria. Penisilini, ikitolewa mapema, huizuia homa hiyo. Kati ya koo linalouma na kisu cha mpasuaji mara nyingi hupita miaka kadhaa, na katika miaka hiyo anayemwona mtoto kila siku ni mwalimu. Basi mwalimu akimwona mwanafunzi ana homa na hawezi kumeza, na ampeleke zahanati siku hiyohiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wa moyo hujengwa kwa gharama ambayo mchuma chai hawezi kuimudu.