Habari za Muhamadi Kijuma wa Amu, Mnakili wa Tendi

Katika watu wa pwani ambao yafaa kujua habari zao ni Muhamadi bin Abubakari, mashuhuri kwa jina la Kijuma. Alizaliwa Amu karibu na mwaka 1855, akafa mwaka 1945. Alikuwa mshairi, fundi wa kuchonga mbao, na mjuzi wa nyimbo na ngoma. Lakini lililovuka bahari ni khati yake.

Mwaka 1917 ilifunguliwa London shule ya kusomesha lugha za Mashariki, na Kiswahili kikasomeshwa humo. Shule ile ilihitaji vitabu vya lugha hii, na tendi za kale hazikuwa zikiuzwa dukani. Zilikuwamo majumbani mwa watu, kwa herufi za Kiarabu, na mwenye chuo chake si mwepesi wa kukitoa. Basi hapakuwa na njia ila kumpata mtu wa kuaminiwa na wenyewe, aazime, anakili kwa mkono, arudishe. Tena awe ajua anachokiandika. Kwani herufi za Kiarabu hazina pe wala che wala ve, na neno moja laweza kusomwa kwa namna mbili tatu. Mnakili asiyeujua utenzi huuharibu kwa kalamu nzuri.

Mtu huyo alikuwa Kijuma. Bibi Alice Werner, aliyefika Amu kabla ya vita vya 1914 kisha akasomesha katika shule ile, alipata msaada wake. Baada yake William Hichens, aliyekuwa afisa wa serikali, alimwagizia nakala nyingi. Mwaka 1936 akaja Mjerumani, Ernst Dammann, na nyingine zikaenda Ujerumani.

Ama kumfanya mnakili tu ni kumpunguzia haki yake: utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa mwaka 1913, ni kazi yake mwenyewe.

Ukaribu wake na wamisionari wa Kijerumani ulimletea maneno mengi mjini. Hata hivyo, vyuo vingapi vilivyobaki majumbani vimeliwa na mchwa! Makaratasi ya Hichens yamo hata leo katika maktaba ya shule ile ya London, na mwenye kuyafunua huona kurasa za mwanzo zimetiwa nakshi kwa mkono ule ule uliozoea kuchonga mbao.