Crowther: Askofu Aliyesita

Katika historia ya isimu ya Afrika, simwoni wa kumpita Samuel Ajayi Crowther. Myoruba huyu alitekwa utumwani mwaka 1821, akakombolewa na manowari ya Uingereza mwaka 1822 na kupelekwa Freetown, alikobatizwa mwaka 1825. Mwaka 1843 alipata ukasisi na kuchapisha msamiati wa Kiyoruba.

Henry Venn, katibu wa Church Missionary Society, alipomtaka awe askofu, Crowther alisita, akijiona hastahili. Mmishenari Henry Townsend naye alipinga Mwafrika kuwaongoza Wazungu. Hatimaye Crowther alitii, akawekwa wakfu Canterbury mwaka 1864, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana.

Utii huo haukuwanyamazisha wapinzani. Mwaka 1890 wamishenari vijana kutoka Uingereza waliwashutumu wasaidizi wake na kumdhalilisha. Alifariki mwaka 1891, na nafasi yake akapewa Mzungu. Hata hivyo, Biblia ya Kiyoruba, aliyoitumikia miaka mingi, ingali ikisomwa.

Basi, mwalimu au mwanafunzi unayeitwa kuongoza, usingoje woga uishe wala wakosoaji wanyamaze. Mungu hakuahidi hayo. Alichoagiza ni uaminifu kazini.