Galileo na Madoa ya Jua

Nilipokuwa darasa la sita nilipaka kipande cha chupa masizi, nikakiweka jichoni ili nilitazame jua. Nilitokwa na machozi hadi jioni na sikuona kitu. Baadaye nikaambiwa ati hata Galileo alipofuka kwa kulitazama jua. Mimi nikaamini papo hapo! Nilipoyasoma maisha yake niliona kuwa mambo hayakuwa hivyo.

Galileo Galilei alizaliwa mjini Pisa, Italia, tarehe 15 Februari 1564. Baba yake, aliyekuwa mwanamuziki, alitaka mwanawe awe daktari, lakini kijana alipenda hesabu. Mwaka wa 1585 aliacha chuo kikuu bila shahada. Miaka minne baadaye alirudi chuoni humo akiwa mwalimu wa hesabu, kisha akafundisha Padua kwa miaka 18.

Mwaka wa 1609 alisikia kuwa Waholanzi wana darubini. Hakungoja kuletewa, alijitengenezea yake. Januari 1610 akaona miezi inayoizunguka sayari ya Jupita. Halafu akaligeukia jua.

Siku hizo wasomi wengi waliamini kuwa jua ni safi, halina hata waa. Madoa yalipoonekana, kasisi Mjerumani, Christoph Scheiner, alidai kuwa ni sayari ndogo zinazopita mbele ya jua. Galileo naye alichukua kalamu. Mwanafunzi wake, Benedetto Castelli, alikuwa amebuni njia ya kuelekeza darubini juani na kuacha mwanga uangukie karatasi. Galileo aliyachora madoa pale karatasini, siku baada ya siku, mwaka wa 1612, bila kuweka jicho kwenye darubini.

Michoro ikasema yote. Madoa yalibadilika umbo, mengine yakatoweka, na yakawa membamba yalipokaribia ukingo. Chora doa juu ya mpira, uzungushe, utaona vivyo hivyo. Basi madoa yako kwenye jua lenyewe, na jua hujizungusha mara moja kwa muda wa karibu mwezi. Hayo aliyachapisha Roma mwaka wa 1613.

Leo twajua kuwa doa ni mahali ambapo nguvu za sumaku huzuia joto kupanda kutoka ndani. Uso wa jua una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi, na doa huwa chini ya hapo kwa zaidi ya nyuzi elfu moja. Madoa huongezeka na kupungua kila miaka 11 hivi.

Mwaka wa 1632 Galileo alitoa kitabu kilichotetea kwamba dunia hulizunguka jua. Mwaka uliofuata mahakama ya Kanisa Katoliki ilimlazimisha aikane imani hiyo, akafungiwa nyumbani hadi alipofariki tarehe 8 Januari 1642. Upofu ulimpata akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, miaka 25 hivi baada ya ile michoro! Mwaka wa 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri kuwa mahakimu wale walikosea. Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga.

Nami nimejifunza mawili, mwenzangu. Usilikodolee jua macho, na usimeze kila uambiwalo. Galileo alichora kwanza, ndipo akasema.