Razi, Tabibu Aliyeipambanua Surua

Katika utoto wangu hapa Malindi, surua ilihesabiwa mgeni wa lazima. Kila nyumba yenye watoto ilimngoja. Alipobisha kwetu tulilazwa wawili, mimi na ndugu yangu mdogo. Mimi niliinuka, yeye alizikwa. Ndipo ukubwani nikapenda kuyajua maisha ya tabibu aliyetuandikia habari za maradhi haya, Abu Bakr Muhammad bin Zakariya, aitwaye al-Razi kwa mji wake wa Rayy, huko Uajemi.

Alizaliwa yapata mwaka 251 Hijria, yaani 865. Yasimuliwa kwamba ujanani alipenda muziki, na utabibu akaushika akiwa mtu mzima. Alisimamia hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdad. Yasimuliwa pia kwamba alipotakiwa kuchagua kiwanja cha hospitali, alitundika vipande vya nyama mitaa mbalimbali, akachagua pale nyama ilipochelewa kuoza.

Zama hizo ndui na surua zikichanganywa. Razi hakutosheka na maneno ya waliotangulia. Alikaa na wagonjwa akawatazama. Akaona maumivu ya mgongo yamezidi kwa mwenye ndui, na kichefuchefu na mahangaiko kwa mwenye surua. Akaandika kitabu cha maradhi hayo mawili, na humo akafundisha jinsi ya kuyahifadhi macho ya mgonjwa. Waganga wa Ulaya wakakisoma karne nyingi. Mwenyewe alipofuka uzeeni, akafariki yapata mwaka 313 Hijria, yaani 925.

Hata hivyo, chanzo hakukijua. Alidhani ni kuchemka kwa damu. Wala kinga hakuwa nayo. Sisi tunayo. Ndui imekwisha duniani kwa chanjo. Wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali huko Marka, pwani ya Somalia, mwaka 1977. Surua ingalipo, ijapokuwa chanjo yake ilianza kutumika mwaka 1963. Mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga.

Kuanzia Malindi hadi Kilifi nasikia baadhi ya wazee wenzangu wakinong'ona kwamba sindano ni mambo ya kigeni, na kwamba dua yatosha. Dua naiamini, na kila siku naiomba. Lakini elimu ya surua si ngeni kwetu: iliandikwa kwa Kiarabu, kwa herufi zile zile tulizofunzwa chuoni, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mwenye kuomba dua na afunge mlango pia.

Hapa Kenya mtoto huchanjwa surua akiwa na miezi 9, na mara ya pili akiwa na miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo isahauliwayo, maana mtoto amekwisha kutembea na mama huona amevuka. Tazameni kadi zao, jamaa zangu. Mpango wa kuwachanja watoto wote wa nchi hii ulipoanza mwaka 1980, ndugu yangu alikuwa kaburini.