Ar-Razi na Elimu ya Kemia

Ndugu msomaji, hata ukiwa Bububu bila maabara, yeyusha shabu ya dukani katika maji ya moto mpaka yasipokee zaidi. Yakipoa, ning'iniza ndani yake punje moja kwa uzi, ungoje siku kadhaa. Utaona fuwele yenye nyuso nane ikikua.

Neno shabu tumelipata kwa Waarabu, na miongoni mwa walioichunguza ni Muhammad bin Zakaria Ar-Razi, aliyezaliwa Rayy, Uajemi, mnamo mwaka 865. Naye alitafuta dhahabu kama wenzake, lakini katika Kitabul Asrar aliacha mafumbo, akaeleza wazi vyombo na kazi za mikono. Alisimamia hospitali Rayy na Baghdad, akatofautisha ndui na surua.

Yamesimuliwa juu yake maneno ya kukanusha utume. Hatuyakubali, wala hatukufichi, kwani wewe mtafutaji utayakuta. Yeye mwenyewe alimheshimu Galen, tabibu wa Kiyunani, kisha akaandika kitabu kizima cha kuyapinga makosa yake. Nasi tunampima vivyo hivyo.

Uzeeni alipofuka macho. Alifariki kwao Rayy, mnamo mwaka 925.