Georg Neumann: Fundi wa maiki aliyejua kwamba kipuri ghali si lazima kiwe kipuri bora

Ingia katika studio yoyote yenye jina kubwa duniani na huenda ukakuta maiki yenye nembo ndogo ya umbo la almasi, iliyoandikwa Neumann. Zile za zamani ni balaa kwa bei. Moja tu inatosha kununua gari la mtumba, na hapo hujalipia hata waya wake.

Ndiyo maana kijana mwenye studio ya chumbani huona heri ajiundie yake. Anaagiza kapsuli mtandaoni, anazunguka barabara ya Luthuli jijini Nairobi kusaka rezista na kapasita, kisha usiku anawasha chuma cha kulehemu. Swali linalomsumbua huwa ni lile lile: ninunue kipuri kipi? Maisha ya Georg Neumann yanalijibu kuliko orodha yoyote ya bei.

Neumann alizaliwa Oktoba 13, 1898 huko Chorin, kijiji kilicho kaskazini mashariki mwa Berlin, Ujerumani. Alianza kama mwanagenzi wa ufundi katika kampuni ya Mix & Genest jijini Berlin. Baadaye akaajiriwa katika maabara ya kampuni ya AEG, chini ya mhandisi Eugen Reisz. Reisz alipoamua kujitegemea na kufungua karakana yake, kijana Neumann akamfuata.

Enzi hizo redio ilikuwa kitu kipya kabisa, na maiki zilikuwa za kaboni. Ndani yake mlikuwa na unga wa kaboni unaopitisha umeme. Sauti ikiusukuma, mkondo unabadilika. Shida ni kwamba unga huo ulikuwa ukikwaruza na kuvuma, sauti ya mtu ikatoka kama ya kwenye simu mbovu. Katikati ya miaka ya 1920 Neumann alijaribu njia tofauti: akautandaza unga huo nyuma ya kiwambo cha mpira, umeme ukaupitia kwa upana, na vyote akavipachika katika kipande kizito cha marumaru. Maiki ya marumaru ya Reisz ikawa nzuri kuliko zote za kaboni, na vituo vya redio vikaichangamkia.

Hata hivyo, aliona kaboni imefika mwisho wa uwezo wake. Kule Marekani, mnamo 1916, mhandisi Edward Wente alikuwa ameunda maiki ya aina nyingine: maiki ya kapasita, ambayo wengi huiita kondensa. Hiyo ndiyo Neumann aliyoitaka. Mwaka 1928, akishirikiana na Erich Rickmann, alifungua kampuni yake jijini Berlin. Mwaka huo huo wakatoa CMV 3, maiki ya kondensa ya kwanza kutengenezwa kiwandani kwa wingi kwa ajili ya kuuzwa. Ilikuwa na urefu wa sentimita 40 hivi na uzito wa takriban kilo tatu. Watu wakaibandika jina la chupa ya Neumann.

Hebu tusimame hapa kidogo tuone kondensa inavyofanya kazi, maana bila hilo maisha ya mtu huyu hayaeleweki.

Chukua kiwambo chembamba mno, kipake dhahabu nyepesi ili kipitishe umeme, kisha kiwambe mbele ya bamba la chuma bila kugusana nalo. Viwili hivyo ni kapasita. Vitie chaji. Ukiimba, kiwambo kinatikisika, nafasi kati yake na bamba inabadilika, na volti nayo inapanda na kushuka kwa kufuata sauti yako. Hakuna unga, hakuna mkwaruzo. Sehemu hiyo ndiyo kapsuli, na ndiyo sikio la maiki.

Lakini kapasita hiyo ni ndogo kupindukia, takriban pikofaradi 50. Chaji yake ikipata upenyo wowote inatoroka. Kwa hivyo rezista inayoitia chaji lazima iwe na ukinzani mkubwa ajabu. Ukiweka gigaohmu moja, maiki inasikia sauti hadi chini ya hezi 5, yaani besi yote ipo. Ukiweka megaohmu moja kwa sababu ndiyo uliyoipata dukani, kila kitu kilicho chini ya hezi 3,200 hivi kinaanza kupotea. Utabaki na maiki inayosikia "sss" za mwimbaji na kuiacha sauti yake. Rezista ile ni kitu kidogo kabisa, lakini ndiyo inayoamua kama una maiki au huna.

Ni kwa sababu hiyo hiyo ambapo ndani ya CMV 3 mlikuwa na valvu ya kukuza sauti, karibu kabisa na kapsuli. Neumann hakuwa na hiari: ishara dhaifu namna hiyo haiwezi kusafiri kwenye waya mrefu ikafika salama.

Katika miaka ya 1930 wahandisi wawili Wajerumani, von Braunmühl na Weber, walionyesha jinsi matundu katika bamba la nyuma yanavyoweza kuifanya kapsuli isikie mbele zaidi kuliko nyuma. Wazo hilo likaingia katika kapsuli ya Neumann iitwayo M7. Kuanzia hapo kina, idadi na mpangilio wa matundu vikawa siri ya mlo.

Kuna upande wa historia hii usiopendeza. Chupa ya Neumann ilitumika katika Olimpiki za Berlin za mwaka 1936, na ndiyo iliyosimama mbele ya Hitler na wenzake walipohutubia umati. Chombo kilichoundwa ili kila sauti isikike wazi kikabeba sauti zilizoiangamiza Ulaya. Maiki haichagui msemaji.

Moto huo ukamrudia fundi mwenyewe. Novemba 1943, ndege za kivita zilipoishambulia Berlin, kiwanda chake kiliharibiwa. Kampuni ikahamia Gefell, mji mdogo katika jimbo la Thuringia. Vita vilipoisha Gefell ikaangukia upande uliotawaliwa na Wasovieti. Neumann akarudi Berlin Magharibi kuanza upya, karibu kutoka sufuri. Karakana ya Gefell ikabaki upande ule mwingine, ikaendelea kuunda maiki, na mpaka leo ipo kwa jina la Microtech Gefell. Kampuni moja ikawa mbili.

Mtu mwingine angekaa akililia mashine zake. Neumann alikuwa Paris mwaka 1947 alipopata njia ya kuifunga kabisa betri ya nikeli na kadimiamu, gesi inayozalishwa ndani ikameng'enywa humo humo badala ya kuipasua. Betri za kuchaji zilizokuja kutumika katika redio, tochi na simu za miaka iliyofuata zilitokana na kazi hiyo. Si utani, hata kama asingeunda maiki yoyote, jina lake lingebaki.

Mnamo 1949 akaleta U 47. Hii ndiyo maiki ambayo Frank Sinatra aliipenda, na ndiyo iliyozinasa sauti za Beatles katika studio za Abbey Road. Ilikuwa kondensa ya kwanza iliyokuwezesha kuchagua, kwa swichi tu, isikie mbele pekee au isikie pande zote.

Sasa angalia vipuri vyake. Kapsuli ilikuwa ile M7 ya kabla ya vita. Valvu ilikuwa VF14 ya Telefunken, ambayo haikuundwa kwa ajili ya studio bali kwa ajili ya redio za kawaida za nyumbani. Neumann aliichagua kwa sababu ilipatikana, na kwa sababu sifa zake zilimruhusu kuunda saketi rahisi, yenye vipuri vichache. Kisha hakuamini lebo ya kiwandani: kila valvu ilipimwa, zenye kelele zikawekwa kando, na zilizofaulu zikapigwa alama ya M. Hapo ndipo utamu wa U 47 ulipotoka: kapsuli, valvu na transfoma vilivyozoeana.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Telefunken iliacha kutengeneza VF14. Akiba ikaanza kuisha, na maiki iliyosifiwa kuliko zote ikawa na siku za kuhesabu, kwani saketi yake ilitegemea kipuri kimoja kisicho na mbadala.

Jibu la kampuni lilikuwa U 67, mwaka 1960. Safari hii walichagua EF86, valvu iliyopatikana kote, na kapsuli mpya ya K67. Na hapa ndipo wengi wanaojiundia maiki leo huteleza. K67 yenyewe inazipandisha sauti za juu. Saketi ya U 67 iliundwa makusudi izishushe tena, ili mwishowe mizani ikae sawa. Kapsuli nyingi za bei nafuu zinazouzwa mtandaoni ni za umbo la K67. Ukiipachika katika saketi isiyozishusha sauti hizo, maiki itakukata masikio kila mwimbaji akitamka "s". Kisha utasikia mtu akilaumu kapsuli, ilhali kosa ni ndoa.

Mwaka 1966 ikaja KM 84, iliyotumia transista badala ya valvu. Redio ya taifa ya Norway ilitaka maiki isiyohitaji sanduku lake la umeme. Studio zake tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 wa taa za dharura, basi volti 48 ndizo zikatumika, zikipita katika waya ule ule wa sauti. Hadi leo kitufe kilichoandikwa 48V kwenye kifaa chako cha kurekodia kinatokana na taa za Norway. Mwaka uliofuata ikatoka U 87, ambayo bado iko sokoni.

Neumann alifariki Berlin Agosti 30, 1976. Mwaka 1991 kampuni yake ikachukuliwa na Sennheiser.

Basi ukitaka kuunda ya kwako, fuata mkondo wake. Anza na kapsuli, kisha utafute saketi iliyoundwa kwa ajili ya kapsuli hiyo, si ile iliyosifiwa zaidi. Chagua transista ambayo utaipata tena ikiungua, nunua kadhaa, uzipime na ubaki na iliyo kimya zaidi. Pesa zako zipeleke kwenye rezista ya gigaohmu na kapasita inayoshikana na kapsuli. Sehemu hiyo usiiguse kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi na unyevu hupitisha chaji; isafishe kwa spiriti safi ukimaliza kulehemu. Na kama ndiyo mara yako ya kwanza, kaa kwenye volti 48. Saketi za valvu zina volti zaidi ya 100, na kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Hizo si za kujifunzia usiku ukiwa peke yako.

Dhahabu kwenye kiwambo cha Neumann ilikuwa nyembamba kiasi cha kutoonekana unene wake. Thamani ilikuwa katika vipuri vya kawaida, alivyovipima mwenyewe na kuvipanga mpaka vikasikilizana.