Mwanafunzi Aliyeunda Moyo

Wanachuo wenzangu, Vladimir Demikhov alikuwa mwaka wa tatu, kama wengi wetu, alipounda moyo wa bandia. Ilikuwa mwaka 1937.

Alizaliwa Urusi mwaka 1916 katika familia ya wakulima. Baba yake aliuawa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, mama akabaki kulea peke yake. Kijana alijifunza kwanza ufundi wa mitambo, ndipo akaingia chuo kusoma baiolojia. Nadhani ule ufundi ndio uliombeba. Moyo, ukiutazama kifundi, ni pampu mbili zilizobanana: ya kulia inapeleka damu kwenye mapafu, ya kushoto inaisambaza mwili mzima. Basi akaunda pampu yake, akaiweka kifuani mwa mbwa badala ya moyo. Mota ya umeme ilibaki nje. Mbwa aliishi kama saa mbili.

Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha Kinole, niliwasimulia wanafunzi habari hii baada ya kuwaonyesha kazi ya moyo kwa pampu ya baiskeli. Wavulana walitaka kujua mota ilivyofungwa. Binti mmoja akauliza yule mbwa alikuwa na kosa gani. Darasa likagawanyika, kengele ikalia bado tunabishana.

Swali lile lilimwandama Demikhov mwenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili alihamisha mioyo na mapafu kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine. Mwaka 1953 aliunga mshipa mpya kwenye moyo wa mbwa ili damu ipate njia nyingine. Mwaka uliofuata alishona kichwa na miguu ya mbele ya mbwa mdogo kwenye shingo ya mbwa mkubwa, watu wakashtuka, na wanasayansi wenzake wengi wakamlaani. Lakini Christiaan Barnard alikwenda kuiona maabara yake kabla ya kumpandikizia binadamu moyo, Afrika Kusini, mwaka 1967. Mwaka 1982 huko Utah, Marekani, Barney Clark aliwekewa moyo wa bandia uliokusudiwa kuwa wa kudumu, akaishi siku 112. Demikhov alifariki Moscow mwaka 1998.

Leo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inawafanyia Watanzania upasuaji wa mishipa ya moyo iliyoziba. Mkulima wa ndizi akishuka kutoka Kinole hadi Morogoro, akapewa rufaa ya kwenda huko na kurudi mzima, sehemu ya uzima wake ilianzia kwa wale mbwa.

Kwa hiyo sisi tunaokwenda kufundisha tuwaeleze watoto ile pampu, na mbwa tusimfiche. Yule binti aliyeuliza ndiye ningependa awe daktari.